Ila ya Bi Sikudhani

Sogeeni, sogeeni, na mwenye chai aiweke chini kwanza, maana haya hayasikilizwi na mtu aliyeshika kikombe. Yametokea Jamhuri ya Asante. Msiulize iko upande gani. Ni nchi nzuri tu, ina bendera, ina wimbo, ina waziri mchapakazi, na ina kampuni moja ya simu, basi. Simu zenyewe ni za mezani, zile za kukaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, kwa sababu za mkononi zilipigwa marufuku. Serikali ilieleza vizuri kabisa: mwananchi akishika simu mkononi, makofi atapiga na nini?

Sasa katika nchi hiyo yuko mama mmoja, Bi Sikudhani, mjane, fundi wa kushona sare za shule, mwenye sauti ya upole ambayo ndiyo iliyomponza, mtasikia. Ana binti mmoja tu, Zaituni, aliyepelekwa na wakala ng'ambo kufanya kazi za ndani, kwenye nchi yenye mafuta mengi na huruma ya kupima kwa kijiko. Mkataba unamruhusu Zaituni kupiga simu mara moja kwa mwezi, Ijumaa mchana, kwa namba moja tu, ile aliyoiandikisha siku anaondoka. Na namba hiyo ni ya sebuleni kwa mama yake. Kubadilisha hakuna.

Mwezi ule simu ikalia, Bi Sikudhani akaidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama, mkataba unaisha," Zaituni akasema, anaongea haraka kama mtu anayekimbizwa. "Tajiri anataka uongezwe miaka mingine. Wakala anasema mzazi ndiye mwenye kauli. Mwezi ujao nikipiga watakuwa wamekaa hapa wanasikiliza. Utasema mwenyewe, nirudi au nibaki."

"Kwani lazima mwezi ujao? Nasema leo. Rudi."

"Leo haihesabiki, Mama. Mpaka siku yenyewe. Na nikipiga nisipokupata, ndiyo nimebaki."

"Utanipata, mwanangu, niende wapi? Huko lakini hujambo?"

"Sijambo. Nzuri tu. Ila mkono."

"Mkono umefanya nini?"

"Pasi," Zaituni akasema, na simu ikakatwa, na si yeye aliyeikata.

Bi Sikudhani alikaa na kile kipokezi cha simu kifuani mpaka kikapata joto. Mtu wa Asante akisema mkono na pasi huhitaji kumwuliza nani kaishika pasi. Kuanzia dakika ile alikuwa na kazi moja duniani: laini ile iwe hai mwezi ujao.

*

Haya, na laini Jamhuri ya Asante haiishi kwa hewa. Ina ada. Siyo ada ya kuongea, jamani, ya kuongea iko kwake. Hii ni ada ya waya kuwepo. Unalipa ukipiga, unalipa usipopiga, unalipa hata ukiwa umelazwa hospitali na simu iko nyumbani peke yake inatazama ukuta. Na kila mara ada inapopanda kunakuwa na kikao cha hadhara, tena kinarushwa redioni mubashara, maana ile ni nchi ya uwazi.

Mkurugenzi wa Shirika la Simu ni Profesa Limbende. Mwenyekiti wa Tume ya Kuwalinda Wateja dhidi ya Shirika la Simu ni Profesa Limbende. Waziri anayewasimamia wote wawili mnamjua sasa. Pale mbele huwekwa viti vitatu, na mzee wa watu, na kitambi chake, anahamahama mpaka jasho linamtoka. Wananchi wanamwonea huruma kweli.

Siku ile akaanza na kiti cha Mkurugenzi. "Ndugu wananchi, waya wenu unaning'inia juani na mvuani. Ndege wanaukalia. Ninyi mnalala, waya haulali. Kuna hata mmoja wenu aliyewahi kutoka nje akauambia pole? Naomba ada ipande mara mbili."

Akahamia kiti cha Tume, akakohoa, akakasirika. "Mkurugenzi, usituletee dharau. Wateja hawa ni masikini. Napinga kwa nguvu zote."

Akarudi kule. "Unanipinga mimi?"

Akaja huku. "Nakupinga wewe."

Redioni zikasikika kelele za meza kugongwa. Ikabidi Waziri aingilie kati kuwaamulia, akawaombea wote wawili maji ya kunywa. Na kwa kuwa hakutaka kuonekana amependelea upande wowote, hakutoa mara mbili iliyoombwa wala hakukataa. Akatoa mara tatu. Makofi yakapigwa mpaka vipaza sauti vikalia.

Bi Sikudhani alizima redio akaenda bandani kuwatazama kuku wake. Kesho yake hakukuwa na kuku. Wiki iliyofuata ada ikapanda tena, safari hii kwa sababu waya uliona aibu kuwa wa bei ya zamani. Akauza cherehani.

Jirani yake, Bi Mkunde, ambaye laini yake ilikatwa zamani na simu anaitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo, akaja na kiti chake kabisa, akakaa kumwangalia.

"Umeuza cherehani ili ulipie kamba ya kuanikia ndege," akasema.

"Nimeuza."

"Na ikipanda tena? Utauza nini, mimi? Mimi siuziki, nimeshajaribiwa."

"Nitakwenda Dirishani kuongea nao, shoga. Ni watu, wana watoto."

Bi Mkunde akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Dirishani? Dada, ukienda kule ujikaze, uanze na ila. Umesikia? Usisalimie, usishukuru, fungua mdomo na itoke ila. Ukianza na uzuri wako huo umekwisha."

*

Hapo lazima muelezwe, vinginevyo mtaachwa. Watu wa Asante wana adabu moja: ukiwauliza habari, jibu ni nzuri. Kwanza nzuri, halafu ndiyo ila. Habari za kwako? Nzuri, ila nyumba inaungua. Za watoto? Wazima, ila yule wa katikati tumemzika juzi. Ndivyo walivyolelewa, na hakuna aliyeona ubaya wake mpaka Serikali ilipokaa ikafikiri. Ikagundua kwamba ina wananchi ambao wote, bila kulazimishwa, kila siku, wanasema mambo ni mazuri. Tatizo ni ile sehemu ya nyuma tu.

Basi ikafunguliwa ofisi pale Shirika la Simu, inaitwa Dirisha la Shukrani. Dirisha la malalamiko halipo, kwa sababu halijawahi kuwa na mteja. Mwananchi anafika, anasema, mashine inarekodi. Akifika kwenye ila, mashine inazimwa. Yanayofuata baada ya ila yanahesabiwa kuwa maongezi binafsi, na Shirika, kwa heshima zake, halisikilizi maongezi binafsi ya watu.

Bi Sikudhani alitembea njia nzima anafanya mazoezi. Ila, ila, ila. Watu wakampisha wakidhani anaumwa. Akafika, akapanga foleni, zamu yake ikafika, mdomo umejaa ila. Nyuma ya kioo yuko msichana anaitwa Sekela, mtaratibu, nywele zimesukwa zikasukika, na kidole kiko juu ya kitufe.

"Shikamoo, mama," Sekela akasema.

Sasa angefanyaje? Kuna mama anaweza kuamkiwa akanyamaza?

"Marahaba, mwanangu."

"Za nyumbani?"

"Nzuri." Ikatoka yenyewe kama chafya. Na ikishatoka hiyo, zingine zinajipanga nyuma yake zenyewe. "Nzuri sana, nashukuru. Sijambo kabisa. Huduma tunaiona, mnafanya kazi. Mimi sina neno. Tuendelee hivi hivi, Mungu awabariki, ila..."

Klik.

"Ada yenu imenimaliza," Bi Sikudhani akasema, anaona taa nyekundu ya mashine imezima lakini anasema hivyo hivyo. "Nimeuza cherehani. Mwanangu anachomwa na pasi. Naomba mniache mpaka Ijumaa tu, mwanangu apige, halafu kateni, chukueni na nyumba."

Sekela akamsubiri amalize, maana alikuwa na malezi. Macho yakamlengalenga. Halafu akarudisha ile sauti nyuma akaisikiliza, na uso ukamng'aa.

"Mama, unajua umefika mbali? Wengine wanasema nzuri moja tu, ila hiyo. Wewe umekwenda mpaka Mungu awabariki. Hii naipeleka juu."

*

Na juu kulikuwa kunawaka moto, ndiyo mshangae jinsi mambo yanavyokutana. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba mkopo hautoki mpaka waone ushindani kwenye biashara ya simu. Kampuni moja haitoshi, ziwe mbili. Profesa Limbende akawajibu kwamba ushindani upo, tena mkali, waje Ijumaa wauone. Alipomaliza kuwajibu ndipo akaanza kuutafuta.

Kwanza alifikiria ashindane mwenyewe, akapima ofisini akaona kiti cha nne hakiingii. Akafikiria mdogo wake, lakini mdogo wake ana hulka ya kushinda vitu. Ndipo Sekela akaletwa na kanda yake. Profesa akasikiliza mara moja, akasikiliza tena, akafuta machozi kwa tai.

"Huyu," akasema. "Sauti kama hii haiwezi kumshinda mtu."

Alhamisi likaja gari jeusi mpaka mlangoni kwa Bi Sikudhani. Mtaa mzima ukatoka. Bi Mkunde akasema kwa sauti ya kusikika, "Wamekuja kuchukua na paa." Bi Sikudhani yeye alidhani wamemwelewa. Akavaa khanga mpya, akapanda gari.

Profesa Limbende alimpokea wima, akamketisha, akamwagizia juisi.

"Mama, Taifa limekuchagua. Kuanzia sasa wewe ndiye kampuni ya pili ya simu. Cheo chako ni Mshindani wa Taifa."

Bi Sikudhani akaishika ile juisi bila kuinywa. "Mheshimiwa, mimi nashona sare. Mshindani anafanya nini?"

"Anashindwa. Polepole, bila fujo, kwa kufuata ratiba. Utakuwa na ofisi, utakuwa na joho. Kesho wageni wanakuja, watakuuliza swali moja, utawajibu kama ulivyomjibu yule binti dirishani."

"Kesho Ijumaa, Mheshimiwa."

"Ijumaa, ndiyo."

"Ijumaa mwanangu anapiga simu." Akaiweka juisi chini, akajipanga, na nyinyi hapo mlipo natamani mngekuwepo mumzibe mdomo. "Mheshimiwa, nashukuru sana kwa heshima hii. Ni kubwa, sikuitegemea. Naipokea kwa mikono miwili, ila..."

Makofi. Chumba kizima kilisimama. Walimpigia makofi mpaka joho likamwingia kichwani, mpaka picha zikapigwa, mpaka gari likamrudisha nyumbani, na kila alipofungua mdomo walimpigia zaidi.

*

Ijumaa, mchana unakaribia, akainua simu kuhakikisha inalia. Ilikuwa kimya kama sufuria. Akatoka nje. Vijana wawili wa Shirika walikuwa juu ya ngazi wanakunja waya, wanaimba.

"Hongera, mama Mshindani," mmoja akasema.

"Jamani, mnakata nini? Nimelipa. Nimeuza cherehani nikalipa."

"Tunajua, mama, umelipa vizuri mno. Lakini sasa wewe ni kampuni. Kampuni haiwezi kuwa mteja wa kampuni inayoshindana nayo. Huo unaitwa mgongano wa maslahi." Akamtupia kipande kidogo cha waya. "Cha ukumbusho hicho."

Bi Sikudhani hakubishana, alikimbia kwenda Shirikani. Mama wa umri ule, na joho, mji mzima ukamwona. Bi Mkunde akamkimbilia nyuma na kandambili zake. "Muulize Sekela wa Dirishani," anahema, "muulize simu ya kwako ikipigwa inaangukia wapi."

Ndiyo, inaangukia mahali. Namba ya laini iliyokatwa haiachwi ikalia bure, si ustaarabu. Inaangukia kwenye mashine pale Shirikani, na mashine inamjibu mpigaji kwa sauti ya mteja aliyeridhika. Zamani ilikuwa sauti ya Profesa. Tangu jana ilikuwa sauti mpya, nzuri zaidi.

Ofisi ya Mshindani ilikuwa ndani ya jengo hilo hilo la Shirika, kati ya stoo ya mafagio na chumba cha ile mashine, na mezani pana simu mpya inayong'aa. Bi Sikudhani akaidaka akasema "Halo, halo." Kimya. Akaigeuza. Upande wa sikio una vitundu, upande wa mdomo umezibwa na bati.

"Ni ya kusikilizia tu, mama," Sekela akasema kutoka mlangoni. "Profesa alisema mshindani anayeanza asipewe sauti sawa na Shirika, itakuwa si haki kwa Shirika. Imeungwa kwenye mashine, usikie sauti yako inavyopendwa."

"Sekela mwanangu, nipe ya kwako. Dakika moja. Zaituni anapiga sasa hivi. Nina neno moja tu la kumwambia, rudi, basi."

Sekela akaitazama simu yake, akamtazama mama. "Mama, kweli roho inaniuma," akasema. "Ningekupa hata leo, hata sasa hivi, ila..."

 Kazi ilikuwa imemkolea. Akafika kwenye ila akafunga mdomo, akabaki amesimama pale, hajui pa kwenda baada ya hapo.

Ndipo mashine ikalia. Bi Sikudhani akabana kipokezi sikioni.

"Mama?" Ni Zaituni. Nyuma yake sauti za watu, na kikombe kinakorogwa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ya Bi Sikudhani ikajibu kutoka chumba cha pili.

"Mama, wote wako hapa. Tajiri yupo, wakala yupo, wanasikia. Huko hujambo?"

"Nzuri. Nzuri sana, nashukuru. Sijambo kabisa."

"Zaituni," Bi Sikudhani akaliambia bati. "Zaituni, siyo mimi. Rudi."

"Basi niambie, Mama. Mikono sasa ni yote miwili. Niambie nirudi, wanasubiri."

"Huduma tunaiona, mnafanya kazi," ikasema sauti ya upole. "Mimi sina neno. Tuendelee hivi hivi. Mungu awabariki."

 Zaituni si mtoto wa jana, kazaliwa Asante, anajua mama yake anavyoongea. Alikuwa anasubiri. Bi Sikudhani alimsikia anavyosubiri, pumzi zile, wakati yeye anagonga bati kwa kucha, kwa ngumi, kwa kipaji cha uso.

"Ila?" Zaituni akasema polepole. "Mama. Ila nini?"

Mashine ikapiga mlio wake mfupi wa kumaliza.

"Hakuna ila?"

Kile kikombe kikawekwa mezani. Sauti ya mwanamume ikasema kitu, akacheka kidogo kwa adabu.

"Haya, Mama," Zaituni akasema. "Kama unaona ni sawa." Na safari hii aliikata mwenyewe.

*

Mlango ukafunguliwa wote. Profesa Limbende mbele, wafadhili nyuma, suti za rangi ya majivu, madaftari wazi, wanatabasamu. Wote walikuwa wamesoma Kiswahili kwenye kozi ya wiki tatu, wanapenda kukitumia. Wakamkuta Mshindani wa Taifa amekaa na joho lake, simu iko sikioni, kwenye kipaji cha uso kuna damu kidogo.

"Anafanya kazi sana," Profesa akanong'ona. "Ushindani mkali."

Mkubwa wao akainama kwa heshima. Hili ndilo lile swali moja.

"Mama, habari za ushindani?"

Bi Sikudhani akainua uso. Kulikuwa na mambo mengi mle kifuani, jamani, ya kujaza kile chumba na stoo ya mafagio. Yalikuja yote kwa pamoja mpaka kooni. Lakini ameulizwa habari, na amelelewa.

"Nzuri," akasema.

Wakaandika. Mkubwa akafunga kalamu, wakapeana mikono na Profesa, na kabla yule mama hajavuta pumzi ya neno la pili, walikuwa wameshafika kwenye ngazi. Mkopo ulitoka Jumatatu. Ada ilipanda Jumanne, maana ushindani nao una gharama zake, na mpaka leo hii Bi Sikudhani yuko ofisini kwake, anashindwa vizuri tu, hawajawahi kupata mwingine kama yeye.

Hayo ndiyo ya kule, mwenye chai sasa anaweza kuinywa. Na kwenu huko, habari?